Sisimizi wa mgunga

Je, mgunga ungenawiri zaidi ukiwaua sisimizi wanaokaa kwenye vinundu vyake, yaani miiba iliyovimba? Hapana, mti hautanawiri; utakosa mlinzi. Wanapewa makao ndani ya vinundu na nekta kwenye majani, na tembo akishika tawi wanamwingia mkongani, wanamng'ata mpaka aachie. Kule Laikipia, Kenya, sehemu kadhaa zilizungushiwa uzio mwaka 1995 kuzuia wanyama wakubwa. Basi migunga ya ndani ikapunguza vinundu na nekta, walinzi wakadhoofika, na miti ikakua polepole zaidi na kufa zaidi! Ila si sisimizi wote wanaolinda. Aina nne hugombania miti hiyo, na moja hukaa kwenye matundu ya bungua, mdudu anayetoboa miti, na haihangaiki sana kufukuza wanyama wanaokula majani.