Maswali ya Wasomaji: Kofia ya Nesi, Wanga na Kitambaa cha Sare

Toleo lililopita tulichapa picha ya wauguzi wa London wa zama za aproni na kofia nyeupe. Barua zimekuja nyingi kuliko ukurasa unavyoweza kubeba. Tunajibu sita.

Shikamooni. Niko mwaka wa pili chuo cha uuguzi. Mama mkubwa, nesi mstaafu, anasema sisi wa siku hizi hatujakamilika kwa sababu hatuvai kofia. Ilitoka wapi, na kwa nini imeachwa? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Kofia ile ni ushungi wa watawa uliopunguzwa kidogo kidogo. Kwa karne nyingi sehemu kubwa ya uuguzi wa hospitali za Ulaya ilikuwa mikononi mwa masista. Mwaka 1836 mchungaji Theodor Fliedner na mkewe Friederike walifungua nyumba ya mashemasi wa kike huko Kaiserswerth, Ujerumani. Mashemasi hao walivaa gauni la buluu, aproni nyeupe, na kofia nyeupe iliyofungwa kwa utepe chini ya kidevu. Florence Nightingale, Mwingereza anayehesabiwa mwanzilishi wa uuguzi wa kisasa, alikwenda kujifunza hapo mwaka 1851. Hata neno letu "sista", linalomtaja mtawa na nesi vilevile, limebeba historia hiyo.

Kazi ya kofia ilikuwa kuzishika nywele ndefu zisimwangukie mgonjwa wala kidonda. Wanawake walipoanza kukata nywele fupi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kazi hiyo ilipungua, na kofia nayo ikazidi kuwa ndogo hadi ikabaki kitu cha kubanwa utosini kwa pini. Hapo ikawa alama ya heshima. Kila shule ilikuwa na mkunjo wake, na Marekani utepe mweusi wa mahameli kwenye kofia ulionyesha, katika shule nyingi, kwamba mwenyewe amehitimu. Mwanafunzi alivishwa mbele ya watu, kwa mishumaa na kiapo. Kama mama mkubwa wako alivishwa hivyo, uchungu wake unaeleweka.

Iliondolewa kwa sababu za wodini. Kofia inayoteleza hushikwa kila mara kwa mkono uliotoka kwa mgonjwa, hunasa kwenye pazia na mipira ya dripu, na haifuliwi kila siku kama gauni. Wanaume nao hawakuivaa kamwe, na Uingereza iliwaingiza katika rejista kuu ya wauguzi mwaka 1949, kwa hiyo ikawa vigumu kuiita alama ya wauguzi wote. Kuanzia miaka ya 1970 hospitali nyingi za Uingereza na Marekani zilianza kuiacha. Mheshimu mama mkubwa, ila ukamilifu wako haumo kwenye kofia.

Tunaandaa igizo la Siku ya Wauguzi, 12 Mei. Tumeshona kofia na aproni za kizamani lakini zinalegea kama leso. Wanga tunautiaje? (Kamati ya maandalizi, Morogoro)

Tumieni wanga wa muhogo, ule mweupe laini. Kofia na kola zinataka vijiko 4 vya chakula kwa lita 1 ya maji. Aproni vijiko 2 tu, la sivyo itasimama kama karatasi na kupasuka kwenye mikunjo. Korogeni wanga kwanza katika nusu kikombe cha maji baridi hadi uwe kama maziwa. Mkiumwaga mkavu kwenye maji ya moto utafanya madonge, na kila donge litaacha doa linalong'aa. Mimineni mchanganyiko huo kwenye maji yanayochemka huku mkikoroga, kwa dakika 2 au 3, hadi weupe uishe na uwe kama uji mwepesi wa kuonekana chini. Chujeni kwa kitambaa. Tone la bluu ya kufulia litaondoa umanjano.

Chovyeni nguo iliyofuliwa ikiwa bado mbichi, ikamueni sawasawa, kisha ianikeni. Hapa ndipo wengi hukosea: wanaiacha ikauke kabisa, halafu wanapiga pasi. Itoeni ikiwa na unyevu. Kama imekauka, nyunyizieni maji, iviringisheni, iacheni ndani ya mfuko nusu saa. Pigeni pasi upande wa ndani kwanza, moto wa wastani. Wanga ukishika kwenye bamba la pasi huungua, na doa la kahawia litahamia kwenye kofia ya pili. Futeni bamba kila baada ya nguo moja.

Kofia rahisi ya kukunja: kata pamba nyeupe sm 45 kwa 40, tia wanga, piga pasi ikiwa bapa. Kunja ukingo mrefu wa mbele sm 7 uwe bendi. Leta ncha mbili za bendi nyuma, zipishane sm 2, bana kwa pini. Kitambaa kinachoning'inia nyuma kikusanye kwa marinda madogo, kipandishe, kibane hapo hapo kwenye pini. Ikikaa utosini, ishikwe kwa vibanio viwili vya nywele. Usiku wa kufua unaifungua, inarudi kuwa kipande bapa, na ndiyo sababu kofia za namna hii zilipendwa na wafuaji wa hospitali.

Je, manesi wa Nightingale kule vitani walivaa nyeupe? Ndivyo tunavyowaona kwenye picha. (Msomaji, Mombasa)

Hapana. Waliofika naye Scutari, Uturuki, Novemba 1854, wakati wa Vita vya Crimea, walikuwa 38: watawa Wakatoliki 10, masista wa Kianglikana 8, 6 wa St John's House (shirika la wauguzi la London) na 14 wa hospitali. Watawa walibaki na mavazi yao. Wa kulipwa walipewa gauni la kijivu la sufu nzito, koti, kofia nyeupe ya kawaida, na ukanda wa begani ulioandikwa Scutari Hospital kwa uzi mwekundu. Sare ilishonwa kwa haraka bila kupima mtu mmojammoja, ikawakaa vibaya. Lakini ilifanya kazi yake: askari aliyelewa aliweza kumtambua muuguzi na kumpisha.

Rangi nyeusinyeusi ilificha uchafu, na wakati ule hilo lilionekana jambo jema. Mawazo yaligeuka baada ya daktari wa upasuaji Joseph Lister kuchapisha kazi yake ya kuua vimelea vya vidonda mwaka 1867. Nguo nyeupe ya pamba au kitani huchemshwa bila kupauka, na doa halina pa kujificha. Marekani walielekea kwenye gauni jeupe zima. Uingereza walibaki na gauni la buluu au la mistari chini ya aproni nyeupe, kwa kuwa aproni hubadilishwa mara kadhaa kwa siku, gauni likabaki salama. Kola na ncha za mikono ya gauni zilikuwa za kubandua kwa sababu hiyohiyo: muuguzi alizivua akaziweka pembeni, akakunja mikono, ndipo akamwosha mgonjwa.

Kwa nini chumba cha upasuaji ni kijani na si nyeupe? (Msomaji, Bukoba)

Jicho lililokazia damu muda mrefu huchoka na wekundu. Likihamia kwenye kitambaa cheupe huona kivuli cha kijani kinachoelea. Kitambaa kikiwa kijani, kivuli hicho kinamezwa, na mng'ao wa taa unapungua. Daktari wa upasuaji Harry Sherman wa San Francisco alianza kutumia kijani cha mchicha mwaka 1914.

Saa ya nesi inaning'inia kichwa chini. Ni urembo? (Msomaji, Nakuru)

Si urembo. Ukiiinua kwa kidole namba zinakuja wima machoni pako, na mkono mwingine unabaki kwenye mshipa wa mgonjwa. Hesabu mapigo kwa sekunde 30, zidisha kwa 2; yakiwa hayana mpangilio, hesabu sekunde 60 kamili. Saa ya mkononi huzuia maji na sabuni kufika kwenye kifundo cha mkono. Nunua yenye mkono wa sekunde unaoonekana na kishikio cha silikoni, uifute kwa spiriti ya asilimia 70. Ya utepe wa kitambaa iache.

Mimi ni fundi cherehani. Nimepata oda ya sare za zahanati, blauzi na suruali. Nichague kitambaa gani? (Fundi, Dodoma)

Chukua mchanganyiko wa tetroni 65 kwa pamba 35. Pamba tupu hurudi, hujikunja na kuchelewa kukauka. Tetroni tupu hainyonyi jasho. Cha kuvutika kinapendeza dukani, ila jiki hukata nyuzi zake za mpira. Kwa mtu wa wastani, kitambaa cha upana wa sm 150, mita 3 zinatosha.

Kabla ya kukata, chukua mraba wa sm 50, ufue kwa maji ya nyuzi joto 60, ukauke, upime. Ukiwa sm 48 umerudi asilimia 4, basi fua kitambaa chote kwanza. Dondosha jiki iliyochanganywa na maji kwenye kipande uone kama rangi inapauka.

Mkono uishie juu ya kiwiko. Uingereza waliweka kanuni hiyo mwaka 2007 ili kunawa kufike mahali pake. Urefu wa nyuma ufunike kiuno mtu akiinama. Mifuko iwe chini, pembe zake zikazwe kwa mshono wa kurudia, maana mfuko wa kifuani humwaga kalamu na mikasi juu ya mgonjwa.

Wape wateja maelezo ya kufua: sare peke yake, nyuzi 60 kwa dakika 10 au zaidi. Asiye na mashine achanganye maji yanayochemka na ya bomba nusu kwa nusu, yatakuwa kama nyuzi 60, afunike beseni na kuongeza ya moto yakipoa. Doa la damu lilowekwe kwanza kwenye maji baridi. Likikutana na maji ya moto kabla ya hapo, halitoki tena.