Kuanza kusoma Tintin ukubwani

Ndugu yangu, umeuliza kama mtu mzima ambaye hakuwahi kusoma utotoni katuni za Tintin, yule mwandishi wa habari kijana, atazifurahia sasa, na aanze na kitabu kipi. Atazifurahia sana, ila nakusihi usifuate mpangilio wa miaka, kwa kuwa visa vya mwanzo, vilivyoanza kutoka gazetini nchini Ubelgiji mwaka 1929, vimeungwaungwa tu, na kile cha Kongo kinawadhalilisha Waafrika kwa namna inayouma. Anza na kile cha merikebu ya Unicorn, cha mwaka 1943, kisha mwendelezo wake. Sisi tuliozoea kutazama majahazi ya Bandari ya Kale ya Mombasa tunatambua upesi jinsi Hergé, mchoraji wa Tintin, alivyochora matanga na kamba kwa uangalifu, na uangalifu huo ndio mtoto huupita mbio akitafuta mapigano. Baadaye soma kile cha mwaka 1958, ambamo mahujaji Waafrika waendao Makka wanauzwa utumwani. Kwa msomaji wa pwani hii, si kisa chepesi hata kidogo. Tafuta nakala ya karatasi, maana kwenye simu michoro hupotea.