Ilhamu ya mchoraji inatoka wapi? Majibu kutoka kwenye kazi yenyewe

Mkuu, umeuliza mambo mawili: siku ya mchoraji huwaje, na sisi wa rangi tunatoa wapi ilhamu, maana wewe umekwama muda sasa na wazo haliji. Kuna aliyekujibu kwamba msanii hachori mpaka roho imtume. Hapo sikubaliani naye kabisa. Uchoraji ndiyo kazi inayonilisha, hasa wa rangi ya mafuta, na roho ikitegemewa kutuma, kazi hazitoki.

Kwanza, sehemu kubwa ya siku siyo kuchora. Kuna kuwamba turubai (kitambaa cha kuchorea) kwenye fremu, kupaka msingi na kuusugua kwa msasa, kujibu wateja, kufunga kazi zinazosafirishwa. Brashi lazima zioshwe jioni ileile, la sivyo rangi inakaukia pale manyoya yanaposhikwa na bati, brashi inatanuka na hutapata tena mstari mwembamba. Halafu kuna kungoja. Rangi ya mafuta haikauki kwa maji kupotea kama akriliki, ile rangi ya kuchanganywa na maji. Mafuta ya kitani yaliyomo ndani yake hukamata oksijeni ya hewani, taratibu yanageuka utando mgumu. Ndiyo maana wengi wetu tunakuwa na picha kadhaa zinazoendelea kwa wakati mmoja: moja inakauka, nyingine iko mkononi.

Sasa, mawazo mengi niliyoyachora yamenijia humohumo kwenye shughuli hizi. Jioni moja nilikuwa nakwangua mabaki ya rangi kwenye ubao wa kuchanganyia kwa kisu. Buluu, hudhurungi na nyeupe kidogo vikachanganyika vyenyewe, kikatoka kijivu ambacho upande mmoja kilielekea ubaridi, yaani kwenye buluu, na upande mwingine kilikuwa na joto kidogo, yaani kwenye hudhurungi. Nikakisogeza karibu na picha ya kiti iliyokuwa imenishinda. Ukuta wa nyuma niliokuwa nimeupaka njano nzito ulikuwa unakimeza kiti. Kijivu kile kikakiachia nafasi ya kupumua. Sikukitupa. Kimezaa picha nyingine kadhaa za vyumba vitupu, na mpaka leo mabaki ya ubao nayatunza na kuyatazama kabla sijafungua rangi mpya.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: acha kutafuta kitu kipya, tafuta kukitazama zaidi kile ulichonacho. Mchoraji Giorgio Morandi wa Italia (1890–1964) aliishi Bologna karibu maisha yake yote, akachora chupa, mitungi na bakuli zilezile katika chumba alichokuwa akilala na kufanyia kazi. Baadhi ya chupa alizipaka rangi ili zising'ae, akazisogeza kidogo hapa na pale, na kila msogeo ulikuwa picha nyingine. Claude Monet, mchoraji wa Ufaransa, naye mwaka 1890 na 1891 alichora marundo ya nafaka shambani mara nyingi, akiwa na turubai kadhaa pembeni. Mwanga ukigeuka, anaweka moja na kuchukua nyingine. Marundo yalikuwa yaleyale, mwanga ndio uliokuwa mada.

Jaribu hivi. Chukua kikombe, kiweke dirishani, kichore asubuhi, kisha kichore jioni. Finya macho mpaka udogoudogo upotee, yabaki mafungu ya giza na mwanga tu. Hapo ndipo picha ilipo. Halafu chunguza kivuli. Wengi hushika nyeusi moja kwa moja, na hilo linaniuma kila nikiliona, kwa sababu kivuli cha nje siku ya jua kali na anga safi huelekea buluu: jua limezibwa pale, kinachokiangaza ni anga. Ukishaliona hilo hutaishiwa kitu cha kuchora, kila kona ya nyumba itakuwa na swali.

Picha za simu nazitumia kukumbuka tu mkono ulikaa vipi au nguo ilikunjwaje. Kamera mara nyingi huzamisha vivuli kwenye nyeusi na kuunguza sehemu zenye mwanga, na jicho likizoea hivyo linadumaa.

Na siku ambazo kweli hakuna kitu, nakili kazi ya mwingine. Siyo wizi, mradi usiiuze wala kuisaini kama yako. Mchoraji Vincent van Gogh alipokuwa hospitalini Saint-Rémy, Ufaransa, mwaka 1889 na 1890, akiwa hana watu wa kumkalia awachore, alichukua chapa za rangi nyeusi na nyeupe za kazi za mchoraji mwingine, Jean-François Millet, akazichora upya kwa rangi zake mwenyewe. Mchoro ulikuwa wa Millet, lakini rangi zote ilibidi aziamue yeye, na kuamua rangi ndiyo mazoezi yenyewe. Mimi hufanya hivyo kwa penseli kwenye daftari, na mara nyingi nikifika katikati mkono unaanza kwenda njia yake. Hapo nafunga kile ninachonakili na kuendelea na changu.

Tuambie unatumia mafuta au akriliki. Akriliki inakauka haraka sana, kwa hiyo mpangilio wa siku na namna ya kuchanganya kijivu vitabadilika, nikuelekeze kulingana na hiyo.