Kabla Hujalipia Chakula cha Jioni Juu ya Mto Zambezi

Tangu nilipowaonyesha jamaa picha ya mama mkwe wangu akiwa ameketi ndani ya boti, sahani ya perege mbele yake na jua likizama nyuma ya bega lake, haipiti wiki hapa Mbeya bila kuulizwa swali lile lile, iwe sokoni Mwanjelwa au nje ya kanisa baada ya ibada: ile safari ya chakula cha jioni mtoni kule Livingstone, nchini Zambia, inastahili fedha yake? Jibu langu ni ndiyo yenye masharti. Mara ya kwanza mimi na mume wangu tulikwenda tukarudi na njaa. Mara ya pili, tulipompeleka Mama kumpongeza kwa kustaafu ualimu, ndipo tulipopata kile tulichokuwa tumekifuata. Bahati haikuhusika. Mara ya kwanza hatukuuliza maswali ambayo mara ya pili tuliyauliza.

Mito yetu ya nyanda za juu ni ya kutazamwa kutoka ukingoni. Kiwira inapopita chini ya Daraja la Mungu haimwachii mtu nafasi ya kuelea na sahani mkononi, na hata Ruaha Mdogo unaopita Iringa, pamoja na upole wake wa kiangazi, hauna kina cha kubeba boti yenye meza. Zambezi, kabla haijafika kwenye maporomoko, ni mto mpana unaotembea taratibu katikati ya visiwa vyenye mitende, na ndiyo maana biashara ya kuwalisha watu juu ya maji imestawi pale. Kwa mtu wa Mbeya si mbali kama wengi wanavyodhani: Tunduma mpakani ni kama kilomita 100, kutoka Nakonde, upande wa Zambia, hadi Lusaka ni takriban kilomita 1,000, na kutoka Lusaka hadi Livingstone hazifiki 500. Reli ya TAZARA inaishia Kapiri Mposhi, kwa hiyo hata mpenda treni atamalizia na basi. Ninalosisitiza ni kwamba usikate tiketi ya boti kwa siku ile ile unayotarajia kufika. Foleni ya malori ya Tunduma haijui kwamba umelipia chakula, na mtu aliyetoka kulala kwenye kiti cha basi hufika mezani akitamani kitanda kuliko samaki.

Sasa niseme tulivyokosea. Wafanyabiashara wa pale mtoni huuza safari za aina mbili zinazofanana kwenye picha za matangazo. Moja ni ya kutazama machweo, nyingine ni ya mlo wa jioni. Wakala aliyetuuzia mara ya kwanza alituambia kwa uso mkunjufu kwamba chakula na vinywaji vimo, nasi tukaamini kwamba chakula ni chakula. Kumbe ni vitafunwa: sambusa zinazoingia mdomoni kwa mara moja, mabawa ya kuku, na vipande vya nyama ya mamba wa kufugwa vilivyochomekwa kwenye vijiti. Boti ilipofunga gatini mume wangu alikuwa ameshapanga vijiti 11 pembeni ya glasi yake na bado alikuwa akimuuliza mhudumu chakula kitaletwa saa ngapi. Mhudumu alimjibu kwa heshima kwamba ndicho hicho alichokimaliza.

Kwa hiyo usiulize kama chakula kimo. Uliza kama utakaa kwenye meza, kama mlo kamili unapakuliwa, na unaanza kupakuliwa saa ngapi. Akishindwa kukutajia saa ya kupakua, hiyo ni safari ya machweo. Uliza pia ni vinywaji gani vilivyomo katika bei, kwa kuwa mara nyingi ni soda, maji, na bia na mvinyo wa kawaida, ilhali pombe kali za nje hulipiwa kando. Uliza kama ada ya hifadhi au ya kutumia mto imeshajumuishwa, na kama gari litakufuata hotelini na kukurudisha. Bei tulitajiwa kwa dola, lakini jiandae na kwacha za noti ndogo kwa ajili ya bakshishi, na ukibadilishia fedha mpakani ingia kwenye duka la kubadilishia fedha. Achana na vijana wanaokimbilia basi wakiwa na mabunda mkononi.

Jambo linaloonekana dogo ni saa. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Simu hujirekebisha yenyewe, lakini saa ya mkononi haijirekebishi, na mume wangu huiamini saa yake ya mkononi kuliko simu yangu. Tulikuwa tumeambiwa gari litafika saa 9:30 alasiri; kwa hiyo saa 8:30 ya Zambia Mama alikuwa ameshakalishwa sebuleni hotelini, kitenge chake kipya kimenyooka, mkoba umebanwa mapajani, akingoja gari ambalo lilikuwa halijatoka hata gereji. Hakulalamika. Alisema tu kwamba kwa miaka yote aliyofundisha saa za dunia darasani hakuwahi kufikiria kwamba mwanafunzi mgumu angekuwa mwanawe.

Wengi wanaoniuliza wanatarajia kuyaona Maporomoko ya Victoria wakiwa wanakula, na ni heri niwavunje moyo mapema: hutayaona. Boti huelea sehemu ya juu ya mto na huelekea mbali na maporomoko, jambo ambalo ukifikiri kidogo utaona ni la kushukuru, kwa maana maji yale yanadondoka mita 108. Unachokiona ni wingu jeupe linalopanda nyuma yako, hasa kati ya Februari na Mei mto unapokuwa umejaa. Wenyeji huyaita maporomoko hayo Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma, na Mama alifurahi kupita kiasi kugundua kwamba neno la kwanza halikuhitaji kutafsiriwa kwa mtu aliyezaliwa Kyela. Maporomoko yenyewe yapangie asubuhi yake, kwa miguu, na nguo za kulowana.

Katika safari ya mlo wa jioni, unachokilipia hasa ni mwanga. Chakula utakipata kwingine na muziki vilevile, lakini ule muda wa kati ya boti kuondoka na jua kuzama haurudiwi, nao si mrefu. Mwishoni mwa Juni, tulipokwenda na Mama, jua lilizama kabla ya saa 12:00 jioni kwa saa za kule. Mwezi wa Desemba huzama kama saa 1:00 kasoro dakika kumi. Ukishazama mwanga, giza huingia upesi, na mto wote hubaki kuwa sauti tu. Kwa hiyo boti inayoondoka saa 11:30 mwezi wa Juni imekuuzia chakula gizani. Yetu iliondoka saa 10:15, ikapandisha mto kuelekea magharibi, na kwa sababu hiyo viti vya mbele ndivyo vilivyokuwa na jua usoni, huku waliokimbilia nyuma karibu na meza ya vinywaji wakipata harufu ya injini na migongo ya wenzao. Fika mapema, panda ghorofa ya juu, kaa mbele.

Katika muda huo utawaona viboko, na utawaona wengi. Huinua masikio kwanza, kisha macho, kisha hupiga pumzi inayorusha maji kama bomba lililopasuka. Nahodha mzuri hukaa nao mbali. Mamba hulala kwenye mchanga wa visiwa na ni rahisi kumpita ukidhani ni gogo. Tembo huja kunywa, lakini hakuna wa kukuahidi tembo, na anayekuahidi anakudanganya. Upande wa pili wa mto ni Zimbabwe, nako boti zao zinaelea zikiwa zimejaa watu kama ninyi, mnapungiana mikono bila kugonga pasipoti.

Mlo ulianza kupakuliwa giza lilipoingia, ghorofa ya chini, kila mtu akijipakulia. Kulikuwa na nshima, ambayo ni ugali wetu kwa jina jingine, ila wao huusonga mlaini zaidi na huupakua kwa mabonge yaliyolazwa sahanini moja moja. Kulikuwa na perege wa kukaanga mzima, nyama ya kuchoma, na ifisashi, mboga ya majani iliyopikwa kwa karanga, ambayo yeyote aliyekulia kwenye kisamvu cha karanga ataimaliza. Wali ulikuwapo pia. Mama aliuchota kwa ncha ya kijiko, akaunusa, akaurudisha sahanini na kusema kwa sauti ya chini, "Huu haujapita Kyela." Ushauri wangu ni ule ule wa kwake: chukua samaki, chukua nshima na mboga, na uache vyakula vinavyoigiza hoteli za Ulaya, kwa sababu jiko la boti ni dogo na tambi zilizokaa juu ya moto mdogo kwa saa mbili hazina mtetezi. Kama kuna asiyekula nyama au mwenye kisukari katika msafara, sema siku ya kukata tiketi, maana mkishaondoka gatini hakuna duka la jirani.

Burudani inahitaji maneno zaidi, kwa kuwa ndiyo inayowagawa watu. Yetu ilikuwa na sehemu mbili. Tukipanda boti tulipokelewa na vijana wa marimba na mcheza makishi, yaani ngoma ya vinyago, na baada ya kula alisimama mwimbaji na gitaa lake. Marimba pale gatini, kukiwa bado na mwanga, yalikuwa jambo la kupendeza. Makishi yalinipa mawazo. Vinyago hivyo ni mali ya Waluvale, Wachokwe, Waluchazi na Wambunda, watu wa magharibi na kaskazini-magharibi mwa Zambia, na mahali pake hasa ni kwenye mukanda, jando la wavulana wa miaka 8 hadi 12, ambamo kila kinyago ni roho ya mzee wa kale aliyerejea kuwasaidia vijana. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza mchezo huo kuwa kazi bora ya urithi wa binadamu, na mwaka 2008 ukaingia katika orodha yake ya urithi huo. Mnachooneshwa gatini ni dakika chache zilizomegwa kutoka kwenye jambo kubwa. Mcheza wetu alitoka na Pwevo, kinyago cha mwanamke mwema, ingawa aliye ndani ni mwanamume, na kulikuwa na mgeni mmoja aliyetaka kumvua ili apige naye picha. Usifanye hivyo. Mama alisimama hadi mwisho bila kupiga makofi kabla ya wakati, kisha akamwinamia kidogo mchezaji na kumwambia "ndaga fijo," shukrani ya Kinyakyusa ambayo nina hakika haikueleweka na ambayo ilipokelewa kwa kuinamiwa vilevile.

Mwimbaji wa baada ya chakula hakuwa mbaya, ila spika ilikuwa mbaya. Aliimba nyimbo za kigeni ambazo zinaimbwa kwenye kila hoteli, kwa sauti iliyowanyamazisha viboko. Ukitaka kuzungumza na watu uliokuja nao, kagua spika ilipo kabla ya kuchagua meza, kwa sababu meza hazibadilishwi tena watu wakishakaa. Na kama kuna wimbo wa Kizambia unaoupenda, mwombe. Wetu alionekana kupata nafuu alipoombwa.

Mtu wa Uyole atacheka nikimwambia abebe sweta, kwa maana amezoea Juni ya kwetu. Mimi pia nilicheka. Livingstone iko chini sana kuliko Mbeya na mchana kuna joto la kawaida, lakini upepo wa mtoni jua likishazama hupenya kitenge, na tulilazimika kumfunika Mama kwa shuka la mezani hadi mhudumu alipoleta blanketi. Oktoba ni kinyume chake, joto la kukausha koo. Kwa miezi yote, jioni ina mbu, na malaria ipo. Sisi wa milimani ndio tunaosahau zaidi, kwa kuwa nyumbani mbu si wa kututisha. Vaa mikono mirefu, jipake dawa kabla ya kupanda.

Kwa mzee, ngazi za kupanda ghorofa ya juu ni nyembamba na zimesimama wima. Mpandishe kungali na mwanga, mshushe kwa chakula, na usimrudishe juu tena. Onyeshwa maboya ya kujiokolea yalipo, hata kama hakuna anayeyataja. Mtoto asichezeshe mkono majini.

Safari yetu ilimalizika saa 1:30 usiku. Kutoka gatini hadi mjini usitembee kwa miguu hata kama taa za hoteli yako unaziona, kwa kuwa usiku viboko hutoka majini kula majani na tembo huvuka barabara wanapotaka. Sisi tulisimamishwa nao. Dereva alizima injini, akatuomba tusipige picha kwa mwanga, na Mama akaanza kuwahesabu kwa kidole kwenye kioo, kimya kimya, kama anayehakiki mahudhurio. Walikuwa saba. Wa nane, mdogo, alichelewa, na Mama hakukubali tuondoke mpaka naye alipovuka.