Jibu: Paka aliyeanza kukojoa kitandani

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini paka wako dume, aliyekuwa msafi kwa miaka 3, ameanza ghafla kukojoa kitandani, na kama kumfokea kutasaidia. Hakutasaidia, kwa kuwa paka hakojoi kitandani ili kulipiza kisasi, ingawa nakiri kwamba saa 9 usiku, mtu anapovua shuka lililolowa, ni vigumu kuliamini hilo.

Kabla ya jambo lingine lolote, mtazame anapochuchumaa kwenye sanduku lake la mchanga. Akikaa muda mrefu, akijikamua na kulia huku mchanga ukibaki mkavu au ukipata matone machache tu, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, hata kama bado anakula, kwa sababu mrija wa mkojo wa paka dume ni mwembamba, na ukiziba anaweza kufa ndani ya siku chache.

Daktari akithibitisha kwamba hana ugonjwa, ligeukie sanduku lenyewe. Wangu aliliacha godoro nilipoliondoa sanduku lake kando ya mashine ya kufulia, ambayo mtikisiko wake ulimtisha, na nilipoacha kutumia mchanga wenye manukato. Uchafu uzolewe kila siku. Kama una paka 2, weka masanduku 3. Godoro nalo lisafishwe kwa sabuni yenye vimeng'enya, yaani viambato vinavyovunjavunja mabaki ya mkojo, wala si kwa dawa yenye amonia, ambayo harufu yake hufanana na ya mkojo na huweza kumrudisha palepale.