Kutu ya kijani kwenye pini za redio

SWALI: Ndege yetu ndogo hulala nje, uwanja wa karibu na bahari. Redio inakwaruza, na pini za plagi nyuma yake zina ukungu wa kijani. Tusugue kwa msasa?

JIBU: Msasa hapana, hata ule laini kabisa. Pini hizo zimepakwa dhahabu nyembamba mno. Ukiikwangua, shaba ya chini inabaki wazi na chumvi inaila upesi zaidi. Ukijani huo ni shaba iliyokwisha kuliwa.

Kwanza zimeni umeme wote na mchomoe betri. Safisheni kwa brashi laini na alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, mbali na cheche, kisha acheni ikauke kabisa. Pini yenye mashimo ibadilishwe. Ndipo mpulizie kizuia kutu cha kiwango cha MIL-PRF-81309 (kiwango cha jeshi la Marekani), aina ya III, utando mwembamba tu. Msichukue aina ya II: si ya vifaa vya elektroniki.

Maji mara nyingi hufuata waya hadi kwenye plagi, kwa hiyo waya ushuke chini ya plagi kabla ya kupanda kuingia, ili matone yadondokee hapo. Matundu yasiyo na waya yazibwe kwa vizibo vyake.

Kagueni pia kitako cha antena. Kutu hapo huharibu muunganiko na bodi ya ndege, na redio hukwaruza vilevile. Ukinzani wa umeme kati ya kitako na bodi usizidi omu 0.003, isipokuwa kitabu cha ndege kikisema vingine. Kazi yote isainiwe na fundi mwenye leseni.