Mashine ya kufyekea majani: maswali kutoka Mtwara na Lindi

Wakati wa kusafisha mashamba ya mikorosho, maswali kuhusu mashine za petroli huwa mengi. Nimeanza na yale yanayoweza kuokoa macho, miguu na shamba lenyewe.

Nina mashine ya kupulizia salfa. Mafuta yake naweza kuyatia kwenye ya kufyekea? (Tandahimba)

Tazama kwanza kama mashine ya kufyekea ina sehemu yake ya kutilia oili, mbali na tangi la petroli. Ikiwa nayo, inataka petroli tupu. Kama haina, oili inachanganywa kwenye petroli, na kipimo kimeandikwa kwenye kifuniko cha tangi au kwenye kitabu chake. 50:1 ni mililita 20 za oili kwa lita moja ya petroli, yaani mililita 100 kwa dumu la lita 5. 25:1 ni mililita 40 kwa lita. Mashine zako mbili zikiwa na kipimo kimoja, mafuta ni yaleyale.

Usikadirie kwa kifuniko cha soda. Nunua bomba la sindano duka la dawa, utoe sindano, upimie hilo. Oili iwe ya 2T (ile ya kuchanganya na petroli), si ya gari. Ikipungua, pistoni inakwama na injini imekufa. Ikizidi, plagi inajaa masizi na mashine inagoma kuwaka. Changanya ya kutosha wiki chache tu, maana petroli iliyolala tangu msimu uliopita inaziba kabureta.

Shikamoo. Uzi wa nailoni wa kukatia majani kwenye mashine yangu unakatika kila saa. Jirani anasema nifunge waya wa seng'enge. (Nachingwea)

Marahaba. Usifunge kabisa, mwanangu. Waya ukikatika, kipande chake kinaruka kama risasi na kinaweza kumpata mtu aliye mbali. Uzi wako unakatika kwa sababu unaukandamiza kwenye mawe na visiki. Kinachokata ni ncha yake, basi inua kidogo kichwa cha mashine kinachozungusha uzi, uiache ncha ifanye kazi. Uzi uliokauka dukani uloweke kwenye maji usiku kucha, utalainika. Vichaka vigumu ni kazi ya kisu cha chuma, ikiwa mashine yako imetengenezwa kukibeba na ina kinga yake.

Kijana alifyeka vizuri, lakini miche ya mikorosho imekauka. (Masasi)

Chunguza shina karibu na ardhi. Uzi ukila gome kulizunguka shina lote, chakula kutoka kwenye majani hakifiki mizizini na mche unakufa polepole. Palilia kwa jembe duara la mita moja kila upande wa mche kwanza. Mashine ibaki nje ya duara hilo.

Wanangu wanacheza nikifyeka uwani. Wakae umbali gani? (Lindi mjini)

Mita 15 au zaidi, dada, na ndani ya nyumba ni bora. Kabla ya kuwasha, zunguka uwanja mzima uokote vipande vya chupa, kokoto, vifuu na seng'enge. Vaa miwani ya kazi (ya jua haitoshi), suruali nzito, buti na kinga ya masikio. Ndala hapana. Mashine nyingi zinakata vizuri ukipeleka kutoka kulia kwenda kushoto, majani yanaangukia ulikokwisha kufyeka. Mtu akikusogelea, zima. Majani yakijisokota kichwani, zima, subiri kitulie, ndipo uguse.

Naweza kujaza mafuta injini ikiwa ya moto ili nisipoteze muda? (Newala)

Hapana. Petroli ikimwagikia ekzosi ya moto, inawaka mikononi mwako. Acha ipoe, jazia kwenye udongo mtupu, futa yaliyomwagika, na usogee mita 3 kabla ya kuwasha. Usiilaze mashine ya moto juu ya majani makavu ya mikorosho. Upepo wa kusi ukikuta cheche, moto unavuka hadi shamba la jirani kabla hujapata tawi bichi la kuupigia. Weka ndoo za mchanga karibu, na ukimaliza, kaa shambani hadi uhakikishe hakuna panapofuka moshi.